Akina mama wa kazini: chakula cha jioni chenye afya kinaanza kabla ya jioni

Jiko la Jioni (mleta uzi)

Habari zenu wapendwa, na poleni na majukumu.

Uzi huu ni wa akina mama tunaoshinda kazini na kurudi nyumbani jua limeshazama, watoto wana njaa, na swali la "leo tunakula nini?" linatusubiri mlangoni. Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu na nimefika mahali pamoja: kupika kwenyewe hakuchoshi kama kuamua upike nini. Kutwa nzima umekuwa ukiamua mambo ya watu wengine. Ukiingia jikoni saa kumi na mbili bila kujua pa kuanzia, mkono utaenda kwenye kilicho rahisi, yaani kukaanga chochote, kufungua pakiti au kuagiza. Mama hafanyi hivyo kwa kutoijali familia yake. Saa hiyo kichwa kimechoka kuliko miguu.

Kwa hiyo ubora wa sahani ya usiku unategemea kile utakachokikuta jikoni kimeshafika nusu ya safari. Ukikuta maharagwe yameiva, mchuzi wa msingi upo na mboga zimeoshwa, uamuzi uliobaki ni mdogo sana, na chakula kinafika mezani ndani ya nusu saa.

Kwanza sahani yenyewe. Mimi nafuata mchoro uliotolewa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 2011: nusu ya sahani mboga na matunda, robo nafaka isiyokobolewa, robo protini kama maharagwe, dengu, samaki, kuku au mayai. Hauhitaji mizani, macho yanatosha. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima apate angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na viazi na mizizi mingine ya wanga haimo katika hesabu hiyo. Chumvi isifike gramu 5 kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai. Kama mchana umekula cha harakaharaka kazini na watoto wamekula walichopewa shuleni, basi jioni ndiyo nafasi ya kufidia mboga za siku nzima. Ndiyo maana naing'ang'ania ile nusu.

Sasa kazi yenyewe. Siku ya mapumziko naandaa vitu vitatu tu.

Cha kwanza ni sufuria kubwa ya maharagwe au dengu. Yanapoa, nayagawa kwenye vyombo vyenye mfuniko kwa kiasi cha mlo mmoja mmoja, mengine friji, mengine friza.

Cha pili ni mchuzi wa msingi, na hiki ndicho kilichobadilisha jioni zangu. Fikirieni ni nini kinachokula muda kila siku: kumenya vitunguu, kukatakata, kukaanga, kusubiri nyanya ziive mpaka ukali wake uishe. Kazi hiyo hiyo, kila jioni, kwa karibu kila mboga tunayopika. Basi naifanya mara moja kwa wingi: vitunguu, nyanya, kitunguu saumu, tangawizi, karoti iliyokunwa na mafuta kidogo. Siweki chumvi kabisa, chumvi itakuja siku ya kupikia. Nagandisha kwa mafungu. Jioni natoa fungu moja, likishachemka naamua. Nikitia dengu zilizoiva, ni mlo. Nikipasulia mayai humo humo na kufunika mpaka yashike, ni mlo. Vipande vya samaki vinaivia humo kwa muda mfupi sana. Na kwa kuwa mchuzi una ladha yake, ile haja ya kutupia kidonge cha supu inapungua. Vile vidonge sehemu kubwa ni chumvi, someni maandishi ya nyuma ya pakiti.

Cha tatu ni mboga. Kabichi na karoti nazikata kabla. Za majani naziosha, nazikausha vizuri na kuzifunga ndani ya kitambaa safi au karatasi ya jikoni, kwa sababu maji yakibaki kwenye majani ndiyo yanayoyaozesha. Za majani nazikata siku ya kupika tu. Ukishazikata, vitamini C huanza kupungua, na ukizichemsha kwenye maji mengi kisha ukayamwaga, umemwaga na sehemu ya vitamini. Maji kidogo, mfuniko juu, dakika chache.

Karibuni tuchangie. Nani anafanyaje kwake?

Zamu ya Usiku

Asante dada kwa uzi. Mimi ni muuguzi, zamu zangu hazijui wikendi. Hiyo "siku ya mapumziko" kwangu huwa ni siku ya kulala. Tunaofanya kazi za zamu tufanyeje?

Jiko la Jioni (mleta uzi)

Pole na kazi dada, na Mungu akubariki kwa kazi hiyo. Wewe usitafute siku maalumu. Kila unapowasha jiko, pika maradufu ya kile kinachohifadhika. Unapika dengu za leo? Tia vikombe viwili badala ya kimoja. Unakaanga vitunguu? Katakata vya mara tatu, jiko ni lile lile na mikono imeshanuka tayari. Baada ya muda friza inakuwa na vitu ambavyo hukumbuki ulivipika saa ngapi, na hapo ndipo pazuri. Andika tu jina la chakula na tarehe juu ya chombo, kwa sababu baada ya kuganda michuzi yote inafanana.

Mama Pacha

Naomba niulize kuhusu wali uliolala. Nimesikia ni hatari, lakini ndio unaniokoa asubuhi na jioni. Nao nigandishe?

Lishe Mezani

Niruhusuni nijibu hili, nafanya kazi kwenye mambo ya lishe.

Wali unahitaji uangalifu kuliko watu wanavyodhani. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus ambaye mbegu zake hukaa kwenye mchele mkavu na hazifi kwa kupikwa. Wali ukiachwa mezani ukiwa vuguvugu kwa saa nyingi, mbegu hizo zinaamka, zinazaana na kutoa sumu. Ubaya wake ni kwamba sumu ile inayoleta kutapika haiharibiki ukiupasha moto tena. Kwa hiyo tatizo linatokea kabla ya kupasha, pale sufuria inapobaki jikoni usiku kucha.

Dawa yake ni kuupoza haraka. Utandaze kwenye sinia ili utoe mvuke, na ndani ya saa moja uwe umeingia kwenye friji. Mamlaka ya chakula ya Uingereza inashauri wali wa friji uliwe ndani ya saa 24. Upashe mara moja tu, mpaka utoe mvuke kote. Kuugandisha inawezekana, na unatoka vizuri ukiugandisha ukiwa mafungu membamba.

Kwa vyakula vingine vilivyopikwa, WHO inasema visikae nje zaidi ya saa 2, friji iwe chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, na ukipasha, joto lifike angalau nyuzi 70 katikati ya chakula. Ukiwa na sufuria kubwa ya mchuzi wa moto, usiiingize friji nzima ilivyo. Katikati yake patabaki vuguvugu kwa muda mrefu. Igawe kwenye vyombo vya kina kifupi.

Mama Pacha

Hapo kwenye sufuria nzima umenigusa. Ahsante sana.

Nyota ya Asubuhi

Samahanini, mimi napingana kidogo. Mnaona ni jambo jema, lakini huu mpango wote unamwongezea mama kazi. Siku tano ofisini, siku moja ya kufua na kupiga pasi, na iliyobaki nayo asimame jikoni apike ya wiki nzima? Atapumzika lini? Mbona hatusemi mkate, mayai na tunda ni chakula cha jioni?

Jiko la Jioni (mleta uzi)

Dada, umesema kweli na naomba kila mtu asome hoja yako vizuri.

Mkate wa ngano isiyokobolewa, mayai mawili, nyanya na karoti mbichi, tunda. Hicho ni chakula kamili. Tazama ule mchoro wa sahani, vyote vimo. Chakula cha jioni hakilazimiki kuwa cha moto, wala kuwa na vyungu vitatu. Napenda tuondoe kabisa ile hisia kwamba mama mwema hupimwa kwa mvuke unaopanda jikoni kwake. Kwangu kuna jioni za namna hiyo kila wiki na zimo kwenye mpango.

Kuhusu siku ya mapumziko, maharagwe yanajichemkia yenyewe huku unafanya mengine. Ila hata hivyo nakubali: kama kuandaa kunamaliza siku yako ya pekee ya kupumzika, punguza. Tengeneza mchuzi wa msingi tu, mengine acha. Na kuna swali kubwa zaidi nyuma ya hoja yako, kwamba kwa nini kazi hii iwe ya mama peke yake. Hilo nalitaka sana lijadiliwe hapa.

Baba Wawili

Nimesoma kimya kimya tangu juu. Mimi ni baba, mke wangu anarudi saa moja usiku, mimi saa kumi na moja. Huwa namwambia "niambie nikusaidie nini" lakini naona hafurahi. Nikosoeni tu, nataka kujifunza.

Jiko la Jioni (mleta uzi)

Karibu kaka, na asante kwa kuuliza kwa moyo mweupe.

Rudi pale nilipoanzia. Kinachochosha ni kuwaza. Ukimwambia "niambie nikusaidie nini", umempelekea tena kazi ya kuwaza: aangalie kilichomo kwenye friji, akumbuke mtoto gani hali nini, apange, kisha akugawie. Mikono yako imefanya kazi lakini kichwa chake hakijapumzika.

Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilitoa ripoti mwaka 2018 likaonyesha kwamba wanawake duniani wanafanya asilimia 76.2 ya saa zote za kazi za matunzo zisizolipwa, kupika kukiwa ndani yake. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya wanaume. Na pale zimehesabiwa saa za kazi tu. Yale mawazo ya usiku kitandani, kwamba kesho vitunguu vimeisha na mdogo ana kikohozi hawezi kula kitu kikavu, sijui nani atayahesabu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Chukua siku zako kamili, tuseme Jumanne na Alhamisi. Ziwe zako kuanzia kuwaza. Wewe uamue kitakacholiwa, wewe ununue, upike, uoshe vyombo. Usimpigie simu kumuuliza chumvi iko wapi. Naye kwa upande wake akubali kwamba chakula cha siku zako kitakuwa na ladha ya mkono wako, asisimame mlangoni akikurekebisha namna ya kukata kitunguu. Wewe unafika saa kumi na moja, maana yake una saa mbili nzima kabla yake. Hizo saa mbili zinatosha kabisa kuivisha chakula kizuri cha familia.

Na watoto wakubwa nao wamo. Wa miaka minane anaweza kuosha mboga, kupanga sahani, kumenya yai lililochemshwa. Atakula kwa hamu zaidi kile alichokishika.

Baba Wawili

Nimeelewa. Nimeshachukua Jumatatu na Jumatano, nimemwambia mwenyewe. Naanza na dengu.

Zamu ya Usiku

Hongera sana kaka. Dengu hazihitaji kulowekwa, zinaiva kwa dakika kama 20 hadi 30. Mwishoni kamulia limau. Madini ya chuma yaliyomo kwenye dengu na mboga za majani hayafyonzwi kirahisi kama ya nyama, lakini vitamini C ikiwa kwenye mlo ule ule inasaidia sana. Na chai isinywewe pamoja na chakula hicho, inazuia chuma kufyonzwa. Isubiri kidogo.

Bi Harusi Mpya

Na maharagwe mekundu? Nina lile jiko la umeme linalopika polepole kutwa, nilitaka niyatie asubuhi nikienda kazini nikirudi nikute tayari.

Jiko la Jioni (mleta uzi)

Usifanye hivyo mdogo wangu, na nakuomba uwaambie na wenzako.

Maharagwe mekundu yakiwa mabichi yana sumu ya asili ambayo huleta kutapika na kuharisha vibaya ndani ya saa chache, na punje chache tu zinatosha. Sumu hiyo inaharibiwa na mchemko mkali. Jiko la kupika polepole mara nyingi halifikii joto hilo, kwa hiyo yanaweza kulainika na bado yakawa na sumu. Loweka angalau saa 5, mwaga maji ya kulowekea, tia maji mapya, chemsha kwa nguvu angalau dakika 10, na ukifikisha nusu saa ni salama zaidi. Baada ya hapo ndipo uyahamishie kwenye jiko lako la polepole.

Kama unaweza kupata sufuria ya presha, ndiyo rafiki wa kweli wa mama anayefanya kazi. Mvuke ukibanwa ndani, maji yanafika kama nyuzi 120 badala ya 100, na muda wa kupika unashuka mpaka karibu theluthi moja. Loweka asubuhi unapotoka, jioni yanaiva huku unaoga.

Mama Kichanga

Wangu ana miaka mitatu. Kila kitu cha kijani anakisukuma pembeni. Nimembembeleza, nimemtisha, nimemwahidi pipi. Kila jioni ni vita, mpaka mimi mwenyewe sili vizuri.

Lishe Mezani

Pole sana mama. Umri huo kukataa kitu kipya ni kawaida kabisa, hujashindwa malezi.

Kuna mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, aliyegawanya kazi ya mezani kwa namna iliyotusaidia wengi. Mzazi anaamua kinaliwa nini, saa ngapi na wapi. Mtoto anaamua ale kiasi gani, au asile. Kila mmoja abaki kwenye upande wake. Ukiweka mboga mezani, kazi yako imekwisha. Usimlazimishe, na usimpikie chakula cha pekee. Hakikisha tu mezani kuna kitu kimoja anachokijua na kukipenda, ili asilale na njaa.

Mtoto anaweza kuhitaji kukutana na chakula kipya mara kumi au zaidi ndipo akikubali, na wengi wetu tunakata tamaa mapema mno. Kukutana si lazima kumeza. Kukigusa, kukinusa, kukilamba na kukitema, vyote vinahesabika. Weka kipande kimoja kidogo, kaa kimya, wewe kula zako kwa furaha. Pipi ya ahadi iache, inamfundisha kwamba mboga ni adhabu na pipi ndiyo tuzo.

Mama Kichanga

Hilo la "kaa kimya" ndilo gumu kwangu. Nitajitahidi.

Jiko la Jioni (mleta uzi)

Naongeza kidogo: mboga ya kwanza mezani. Wakiwa na njaa wakisubiri chakula kiive, naweka sahani ya karoti na matango yaliyokatwa katikati ya meza, bila kusema neno. Huisha.

Bila Umeme wa Uhakika

Nyote mnazungumzia friji na friza. Sisi tusio navyo?

Jiko la Jioni (mleta uzi)

Asante kwa kutukumbusha, mama. Kwako mpango unageuka: badala ya kuhifadhi vilivyopikwa, hifadhi vinavyodumu vyenyewe. Dengu na maharagwe makavu, mayai, vitunguu, kabichi, karoti, maboga, viazi, samaki wa kopo. Kabichi nzima isiyokatwa inakaa vizuri mahali pakavu penye hewa na kivuli. Za majani nunua siku ile ile ukirudi, na ndizo zinazoiva haraka kuliko zote.

Maharagwe ya kopo pia si mabaya. Mwaga maji yake na uyasuuze, chumvi inapungua. Na upike kiasi cha kumalizika, kwa sababu kilichobaki hakina pa kulala salama. Ile kazi ya kuwaza bado unaweza kuimaliza mapema. Andika milo ya wiki kwenye karatasi, ibandike ukutani, hata anayefika nyumbani kwanza ajue aanze na nini.

Mpenda Sokoni

Mboga zilizogandishwa mimi sizinunui, nasikia hazina kitu tena.

Lishe Mezani

Si kweli. Nyingi huchovywa kwenye maji yanayochemka kwa muda mfupi na kugandishwa mara baada ya kuvunwa, virutubisho vingi vinabaki. Mboga mbichi iliyokaa siku nyingi kabla ya kuliwa inaweza kuwa na vitamini C pungufu kuliko hiyo. Angalia tu pakiti isiwe na chumvi au siagi iliyoongezwa.

Nyota ya Asubuhi

Nimerudi. Nimeuelewa mpango sasa, na lile la mkate na mayai limenipa amani. Swali la mwisho: nyama iliyoganda. Naitoa asubuhi naiacha juu ya meza, jioni nakuta imelainika. Kuna ubaya?

Lishe Mezani

Upo. Nje inalainika saa nyingi kabla ya ndani, na saa hizo zote bakteria wanaongezeka juu ya nyama. Ihamishe kutoka friza kwenda friji usiku wa kuamkia siku ya kupika, iweke chini kabisa ndani ya bakuli ili maji yake yasidondokee chakula kingine. Ukisahau, itie kwenye mfuko usiopitisha maji, izamishe kwenye maji baridi, badilisha maji kila baada ya nusu saa, kisha ipike papo hapo. Na unapogandisha nyama ya kusaga, ibonyeze iwe bapa kama daftari kabla ya kuiweka friza. Bapa inalainika upesi sana kuliko donge.

Kuku mbichi usimwoshe kwenye sinki. Maji yanayoruka yanasambaza bakteria mpaka kwenye ubao wa kukatia mboga. Mpike aive mpaka ndani, nyuzi 74, hiyo ndiyo inayoua vijidudu.

Nyota ya Asubuhi

Nimeipata hiyo ya kubonyeza bapa. Leo naihamishia friji kabla ya kulala.